Tumekuja Kumchukua

Nilikuwa bado sijamwambia baba. Hilo ndilo lililoninyima usingizi majuma yale yote, na kila nilipojaribu kulifikiria, akili ilikwepa ikakimbilia magurudumu. Spea mbili zitatosha? Maji tubebe mitungi mingapi? Mchanga wa kule ukilishika gari, nani atalisukuma chini ya jua lile? Magurudumu nilijua kuyahangaikia. Kuhusu baba sikujua nianzie wapi.

Safari yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Tulikuwa watatu. Wa kwanza ni rafiki yangu wa chuo, mtu wa Naivasha, ambaye tulisomea naye jiolojia darasa moja na ambaye sasa alikuwa akipata vibarua vya hapa na pale kwenye visima vya mvuke. Wa pili ni binamu yake, mwanamke anayetuzidi umri kidogo, mwenye pikapu ya milango minne na biashara ya kuwapeleka wageni kutazama ndege ziwani Nakuru. Wa tatu ni mimi, mwenye digrii na kitanda nyumbani kwa wazazi wake, Kuresoi. Tungeshika barabara ya Eldoret, tupite Kitale na Kapenguria, tuteremke mpaka jangwa la Turkana. Huko tungetafuta mawe: akiki zenye mistari, vipande vya miti iliyogeuka mawe, na zile sehemu ambako watu wa kale waliketi wakachonga zana zao, na takataka za kazi yao bado zimelala pale walipoziacha.

Binamu alikuwa amechoshwa na ndege. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda, wageni walikuwa wakilalamika. Alitaka kuanza kuwapeleka wanafunzi na wazungu wapenda mawe kaskazini, na safari hii ilikuwa ya kujaribu njia.

"Ikienda poa," aliniambia, "wewe ndio utakuwa unaongoza watu. Hiyo itakuwa kazi yako."

Tangu nimalize chuo hakuna mtu aliyekuwa ameniambia sentensi yenye neno "utakuwa". Nilikuwa nimefika mahali ambapo simu ikilia naomba iwe ni mtu amekosea namba, kwa sababu mtu aliyekosea namba hakuulizi umefika wapi na maisha. Asubuhi niliamka nikiwa nimechoka tayari. Nilijua kutofautisha lava za aina nyingi kwa kuziangalia tu, na kila siku nilivitazama viazi vikitoka kwenye udongo mweusi usio na jiwe hata moja.

Sasa lazima nieleze jambo la jina, maana kila kitu kilivunjikia hapo.

Mimi ni kifungua mimba, mwanamume, na kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Jina lenyewe sitaliandika hapa, na hata nyumbani halitajwi ovyo. Mama hajawahi kulitamka maishani mwake, kwa kuwa ni jina la baba mkwe wake. Mimi huniita Guka, yaani babu, tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Baba naye huniita Baba. Mtu mzima mwenye mvi husimama mlangoni na kumwambia kijana, "Baba, njoo unishikie hili gunia," na mgeni akisikia hucheka. Sisi tumezoea. Akinikasirikia ndipo anaponiita kwa jina la ubatizo, na hapo najua kwamba kwa muda mimi si mtu wake.

Chuoni mambo yalikuwa tofauti. Jina la kwenye kitambulisho lilikuwa la babu, na wenzangu waliliita kwa sauti kutoka upande wa pili wa uwanja, kama jina la mtu yeyote. Miaka ile nililizoea hivyo.

Babu huyo alichukuliwa na serikali ya mkoloni wakati wa hali ya hatari, kabla ya Uhuru, akapelekwa kambi ya huko kaskazini, jangwani, akavunjishwa mawe. Hayo niliyajua. Niliyajua kama mtu anavyojua kwamba nyumba ya jirani iliwahi kuungua kabla yeye hajazaliwa. Nilipochaguliwa kusomea jiolojia, mjomba mmoja alisimama kwenye sherehe akasema, "Babu yake alivunja mawe bure, huyu anayalipia karo!" Watu walicheka. Baba aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Tulikuwa tunapanga safari kwenye mgahawa mmoja mjini Nakuru, nyuma ya soko, kwa sababu wenye mgahawa walituruhusu tukae sana na chai kidogo.

"Tupitie Marigat, tushike njia ya Kapedo," rafiki yangu alisema siku moja. "Ni karibu."

"Karibu na nani?" binamu yake akamuuliza. "Na mbinguni?"

"Watu wanapita kila siku, bana."

"Watu wanapita na askari mbele na askari nyuma. Wewe askari wako ni nani? Huyu?" Akanielekeza kidole. "Huyu hajafika Molo ashakufa mara tatu."

Niliwaambia kwamba hata njia ya Kapenguria haikuwa salama, kwani mvua ikinyesha milimani maji huteremka kwenye makorongo makavu bila mtu kuona wingu lolote, na gari linaweza kubebwa jua likiwaka. Niliwaambia kuhusu nyoka wanaojificha chini ya mawe yale yale tunayokwenda kuyageuza. Nikawaambia pia kwamba zana za mawe za watu wa kale haziokotwi. Sheria ni kuzipiga picha na kuziacha zilipo, na mifupa vilevile, na hata mawe ya kawaida hayabebwi hivihivi bila ruhusa.

Binamu aliweka kikombe chini. "Ngoja. Tunaenda kuokota mawe. Lakini hatuokoti mawe."

"Tunayatafuta," nikasema.

"Na tukiyapata?"

"Tunayaangalia."

"Aki wageni watanipenda," alisema, na rafiki yangu akacheka mpaka chai ikampalia. Mimi pia nilicheka. Lakini nikirudi nyumbani nilianza kufikiri kwamba hiyo ndiyo picha ya elimu yangu yote, kujua jina la kila kitu na kutoruhusiwa kuondoka na chochote.

Mama alijua. Kwake sikuweza kuficha, maana aliniona nikijaza mtungi maji na kuupima ni mzito kiasi gani.

"Guka, umemwambia?"

"Bado, mum."

"Ngoja basi. Ngoja viazi viishe shambani. Halafu utangoja vipandwe tena."

Nilijaribu. Tulikuwa tunavuna, baba mbele na jembe, mimi nyuma nikiokota na kutia kwenye debe. Alisimama kunyoosha mgongo, ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye miti ya jirani.

"Baba," nikasema, "kuna watu wa Nakuru wanataka tufanye kazi ya mawe."

Uso wake ulifunguka. Sijui kama aliwahi kujua jinsi uso wake ulivyofunguka. "Kazi? Wapi?"

"Huko chini."

Ni lazima mtu awe wa Kuresoi kulielewa neno hilo. Kwetu kila mahali pengine ni chini. Njoro ni chini, Nakuru ni chini, Naivasha ni chini. Mtu akienda Nairobi tunasema ameteremka. Nilipolisema neno hilo nilijua atafikiri Nakuru au Naivasha. Niliwaza pia, kwa sababu hivyo ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi, kwamba sikuwa nimesema uongo: ukipima kutoka usawa wa bahari, Turkana iko chini kuliko hata Naivasha. Nilijifichia kwenye vipimo. Jioni ile baba alimwambia jirani aliyekuwa upande wa pili wa ua, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba kijana amepata kazi huko chini.

Baada ya hapo kumwambia ukawa mlima.

Jumamosi kabla ya safari, rafiki yangu na binamu yake waliamua kulijaribu gari kwenye milima yetu na kunipitia, ili twende tuchague mahema kwa mtu wa Lanet aliyekuwa akiyakodisha. Nilikuwa nimewaambia wanisubiri barabarani. Lakini barabara ilikuwa na matope, waliona nyumba, wakaona ni adabu waje wasalimie wazazi. Nilikuwa ndani navaa gambuti niliposikia gari likizimwa langoni. Baba alikuwa pale pale, anakaza waya wa ua kwa koleo.

Nilichungulia dirishani. Rafiki yangu alishuka, akavua kofia.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Nzuri, kijana. Karibu."

"Asante. Tumekuja kumchukua..." na akalitaja jina.

Baba hakusikia vizuri, au alisikia. "Nani?"

Rafiki yangu, mtu wa adabu, aliinua sauti na kuyataja majina yangu yote, kama yalivyo kwenye kitambulisho, jina la babu likiwa katikati. "Tumekuja kumchukua, mzee."

"Mnampeleka wapi?"

"Leo ni Lanet tu. Safari ya jangwani ni Alhamisi. Turkana."

Nilitoka mbio na gambuti moja mguuni. Baba alikuwa ameliweka koleo juu ya nguzo, polepole sana, kama kitu kinachoweza kupasuka. Alikuwa anaitazama ile pikapu. Kisha akageuka akaniita kwa jina la ubatizo.

"Ingia ndani," akasema.

"Nimesema vibaya?" rafiki yangu alininong'oneza.

"Hapana. Nendeni tu. Nitawapigia."

Binamu hakushuka. Aliteremsha kioo, akamwangalia baba aliyekuwa akielekea jikoni, akaniangalia mimi. "Sikiza," alisema, si kwa ukali. "Alhamisi asubuhi mimi niko barabarani. Kama huji niambie mapema. Kuna mwingine Nakuru anajua mawe."

Jikoni baba aliketi kwenye kigoda karibu na moto. Mama alikuwa anamenya viazi na hakuinua kichwa.

"Unajua alichosema yule kijana?" baba akaniuliza.

"Hakujua, Baba. Sisi chuoni tunaitana hivyo."

"Najua hakujua. Ndiyo maana nakuuliza wewe kama unajua. Mama yangu alinisimulia kila mwaka tukivuna. Gari lilisimama. Askari akashuka, kijana tu, mwenye adabu, akamsalimia. Akasema, tumekuja kumchukua, na akataja jina. Unajua mama alifanya nini? Alienda shambani akamwita mwenyewe. Alidhani ni kazi."

Mama aliacha kumenya.

"Lakini alirudi," nikasema. Ni sentensi ninayoijutia hata leo, ingawa ilikuwa kweli.

"Mtu alirudi. Nikazaliwa, nikamwona. Wewe unajua hapa kwetu hakuna mawe. Yeye aliyatafuta. Alitembea uwanjani ameinama, akipata hata kokoto analitupa nje ya ua, asubuhi mpaka jioni. Mimi mtoto namfuata nyuma. 'Baba! Baba!' Haitiki. Si kwamba ni kiziwi. Akiitwa na mama anaitika. Mimi haniitiki. Akafa hivyo."

Alisogeza kuni. Nilisubiri anikataze. Kama angenikataza, ningejua la kufanya na hasira.

"Wewe uligeuza kichwa ukiwa mchanga kabisa," alisema. "Nilikuita Baba, ukageuka. Niliaibika mbele ya mama yako, nililia." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Sikukatazi. Wewe ni mtu mzima. Lakini safari hiyo siwezi kuiombea. Nikijaribu mdomo hautafunguka."

Kwetu hakuna anayesafiri bila kuombewa. Hata kwenda Molo kununua mbolea, baba husimama, huvua kofia na kumkabidhi Mungu gari, dereva na magurudumu yote manne. Nilikuwa sijawahi kutoka nyumbani kwenda mbali bila mkono wake begani.

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya banda la ng'ombe. Nilidhani nitalia. Kilichonijia ni kitu kingine, na kilinichukua muda kukitambua: nilikuwa nimepata nafuu. Mabega yalikuwa yameshuka. Sitakwenda, niliwaza, na hakuna atakayenilaumu. Hakuna korongo litakalonibeba. Hakuna mgeni atakayeniuliza swali nikashindwa kulijibu mbele ya watu. Hata binamu, mwenye maneno makali, angesikia habari ya babu angesema pole.

Hapo ndipo siku mbaya zilipoanza kwa kweli, kwa sababu niliifahamu nafuu ile. Tulikuwa tumeonana mara nyingi. Ilikuja nilipokosa basi la kwenda kwenye intavyuu Nairobi na nikagundua kwamba nilitembea polepole kuelekea stejini. Ilikuja mwalimu mmoja wa chuo aliponiambia niendelee na masomo na mimi nikamjibu kwamba wazazi wanazeeka. Kila mara nilikuwa na sababu nzuri. Hii ilikuwa nzuri kuliko zote. Ilikuwa na damu ndani yake, na machozi ya baba yangu, na nilikuwa tayari kuivaa kama koti. Nilijichukia. Babu alivunja mawe, akarudi hajui kuitika, na mjukuu wake amepata kisingizio.

Hata hivyo kila nilipokaribia kusema nitakwenda, niliona upande wa pili nao ni wa kweli. Kama gari lingepinduka? Kama ningepotea huko pasipo na netiwaki, na baba apige simu, aite, na hakuna anayeitika? Angekuwa amefiwa na mtu mmoja mara mbili. Nilitafuta jibu ambalo lisingemuumiza mtu, kama mtu anayetafuta jiwe lisilo na upande wa chini. Sikula vizuri. Niliandika ujumbe kwa binamu, "Samahani, siji," nikaufuta. Niliandika, "Nakuja," nikaufuta pia. Baba alinisalimia asubuhi na jioni. Hakuniita Baba na hakuniita jina la ubatizo. Alisema, "Wewe, shika hapa." "Wewe, funga ndama." Nyumba yetu haikuwahi kuwa na mtu anayeitwa Wewe.

Jumatano tulipakia viazi kwenye lori la mnunuzi. Wapakizi walikuwa vijana wa hapa hapa, na mmoja aliniona nikihangaika na gunia.

"Injinia wa mawe! Hili si jiwe, ni waru. Inua!"

"Mwacheni," mwingine akasema, "huyo amepata kazi chini. Kesho hatutamwona."

"Kila mwaka ana kazi chini. Na kila mwaka tunapakia naye."

Walicheka, bila ubaya. Baba alikuwa upande wa pili wa lori, anahesabu magunia, na alisikia. Sikuona uso wake. Nilichoona ni wangu, kwenye kioo cha pembeni cha lori: nilikuwa nacheka pamoja nao, kicheko cha mtu ambaye hilo limekwisha kuwa maisha yake.

Nilimpigia rafiki yangu nikiwa bado na vumbi mikononi.

"Kesho msije nyumbani," nikamwambia.

"Kwa hiyo huji."

"Nimesema msije nyumbani. Msinichukue. Nitakuja mwenyewe mpaka Mau Summit, niwangoje barabarani."

"Si tukupitie tu? Uko na mizigo, bana."

"Msinipitie."

Alhamisi nilimkuta baba shambani, kwenye mistari iliyobaki. Nilisimama mbele yake ili asilazimike kugeuka. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi na yote yalinitoroka.

"Naenda Turkana," nikasema. "Jangwani. Hakuna anayenichukua. Natoka hapa kwa miguu yangu."

Aliendelea kushika jembe. Aliangalia begi langu, akaangalia viatu.

"Maji mmebeba?"

"Tumebeba."

Akainama, akachimba. Nilingoja. Nilingoja aniite kitu, chochote, hata lile jina la hasira. Jembe liliinuka na kushuka. Mwishowe nikaondoka, nikapita langoni, mama akiwa amesimama pale na kitambaa mdomoni, na hakuna aliyeniwekea mkono begani.

Niliteremka kwa miguu hadi penye bodaboda. Njia nzima moyo uliniambia nirudi. Sikujua kama nilikuwa namwacha baba au namrudishia mtu wake aliyebaki jangwani. Bado sijui.

Pale Mau Summit malori yalikuwa yamepanga mstari, na upepo ulikuwa baridi. Pikapu ilikuja ikasimama mbele yangu. Rafiki yangu alitaka kushuka anisaidie begi, nikamwambia akae. Nikalitupa nyuma mwenyewe, nikapanda.

Binamu aliniangalia kwenye kioo. "Nyumbani wamekubali?"

"Hapana," nikasema, nikafunga mlango, akaondoa gari.